Majina Yasiyorithiwa
Mhadhara uliotolewa Mpofi mbele ya wazee, walimu na vijana wa Masisi na Walikale



Familia ya kwetu inapopata nafasi ya kupelekwa Kanada, iwe inatokea kambini Uganda au Burundi, hukutana na fomu yenye kisanduku kimoja kinachosumbua kuliko vyote: jina la familia. Baba anaitwa, tuseme, Bauma. Mama ni Kahindo. Watoto ni Mwindo, Furaha, Amani na Hangi. Hakuna anayeitwa kama mwenzake. Karani anayepokea fomu huinua macho: hawa kweli ni wa nyumba moja? Kuna wazazi waliotakiwa kupimwa vinasaba ili kuthibitisha kwamba watoto wanaowalea tangu kuzaliwa ni wao. Na kuna waliochoka wakawapa watoto wote jina la baba palepale mezani, na tangu siku hiyo ukoo mzima wa hapa unaitwa Bauma kule Sherbrooke, katika jimbo la Quebec, kana kwamba Bauma ndiye aliyeanza dunia.

Karani yule hana ubaya. Kwao jina la baba humshukia mtoto, na mtoto humshushia mjukuu, na wamefanya hivyo kwa miaka zaidi ya 350. Nimelichagua jambo hili leo kwa sababu vijana wengi wameanza kuuliza namna ya kutafuta ukoo, na karibu wote wameshika njia ya Wakanada: wanatafuta jina. Hapa kwetu ukifuata jina utafika kwa babu, pengine kwa baba yake babu, kisha njia inakatika. Ukoo wenyewe upo, ila umewekwa mahali pengine, na ni mahali hapo ninapotaka kuwaonyesha.

Mnivumilie nikae Quebec kidogo, maana kule kuna mambo yatakayotufaa.

Tarehe 2 Oktoba 1657, kijana aitwaye Pierre Tremblay, mzaliwa wa Randonnai katika nchi ya Perche huko Ufaransa, alimwoa Ozanne Achon mjini Quebec. Leo Tremblay ndilo jina la familia lililo na watu wengi kuliko yote Quebec, na karibu Tremblay wote wa Amerika Kaskazini hurudi kwa wawili hao. Kinachoshangaza ni kwamba hili linajulikana kwa tarehe, kwa mashahidi, kwa jina la kijiji alichotoka bwana harusi. Linajulikana kwa sababu padri aliliandika. Mfalme wa Ufaransa aliagiza vitabu vya ubatizo tangu 1539. Mtaguso wa Trento ukawaagiza maparoko mwaka 1563 waandike ndoa na batizo. Na mwaka 1667 mfalme Louis wa 14 akaongeza kwamba kila kitabu kiwe na nakala mbili, moja ibaki kanisani, nyingine iende mahakamani. Kule Quebec vitabu hivyo vya kanisa ndivyo vilivyokuwa pia vitabu vya leta, yaani vya serikali, mpaka mwisho wa 1993. Padri Cyprien Tanguay alivipitia akachapisha kamusi ya familia za Kikanada katika majuzuu saba, kati ya 1871 na 1890. Na tangu 1966 Chuo Kikuu cha Montreal kimekuwa kikikusanya kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko ya zamani, na kuviunganisha mtu kwa mtu.

Basi mtu wa Quebec anayetafuta ukoo wake ana kazi nyepesi, mtasema. Sivyo kabisa. Mwaka 1665 mfalme alipeleka huko jeshi la Carignan-Salières, askari wapatao 1,200, na kama 400 kati yao walibaki wakapewa mashamba. Askari wa Kifaransa wa zamani zile alikuwa na jina la vita: Lafleur, Sansouci, Tranchemontagne, Ladouceur. Kitabuni padri aliandika fulani "aitwaye" Lafleur. Watoto wake, mmoja akashika jina la nyumbani, mwingine akashika la vitani, wa tatu akachanganya yote mawili. Vizazi vitatu baadaye wajukuu wa mtu mmoja wanaishi kando kando wakiwa na majina tofauti, na hawajui kwamba ni ndugu. Wanaofanya kazi hii kule wameyazoea majina hayo ya pili, na wanajua kwamba anayefuata jina moja tu atawaacha nusu ya ndugu zake njiani. Wanajua pia kushukuru kwa desturi moja: mwanamke wa Quebec, hata akiolewa mara tatu, aliandikwa kitabuni kwa jina lake la kuzaliwa hadi siku ya kuzikwa. Kwa hiyo upande wa mama unafuatika. Wale wasichana wapatao 770 waliopelekwa na mfalme kati ya 1663 na 1673 kuolewa na walowezi, wajukuu wao wanawajua mmoja mmoja kwa majina. Tangu Aprili 1981 sheria ya Quebec inamtaka mke abaki na jina lake. Mama zetu walifanya hivyo siku zote bila sheria, na hilo ni mali kubwa ambayo hatujaitumia.

Lakini jambo la Quebec ninalolipenda kuliko yote ni la moto. Mwezi Juni 1640 kanisa la Notre-Dame de la Recouvrance liliungua, na vitabu vya miaka kama 20 ya kwanza ya mji vikaungua nalo. Watu walikuwa wachache, wakijuana kwa sura. Wajesuiti wakawauliza wenyeji: nani alibatizwa, lini, nani alikuwa msimamizi, nani alimwoa nani, nani alizikwa. Wakaviandika vitabu upya kwa kumbukumbu za watu. Kurasa za mwanzo kabisa za nasaba za Kanada, zile zinazoheshimiwa leo kama jiwe la msingi, ni maneno ya wazee na akina mama yaliyonakiliwa baada ya moto. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1956, katika nchi ya Walikale, Mbelgiji mmoja aitwaye Daniel Biebuyck alikaa akimsikiliza Shekarisi Candi Rureke, mwimbaji wa Kinyanga, akisimulia habari za Mwindo kwa siku kadhaa. Masimulizi hayo alikuja kuyachapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga. Wengi wenu mnaijua hadithi. Mwami, yaani chifu, wa Tubondo anawakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mke anayependwa anazaa mwana. Baba anamrushia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hafi, anakwenda kumtafuta shangazi yake Iyangura. Watu husifu ushujaa. Mimi nataka mtazame majina. Mwindo, kwa Wanyanga, ni mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mfululizo wa wasichana. Mwami yule anaitwa Shemwindo, yaani baba yake Mwindo, na anaitwa hivyo tangu sentensi ya kwanza, kabla mtoto hajazaliwa. Mama ni Nyamwindo. Jina alilopewa mwami huyo na baba yake mwenyewe halisikiki. Mtu aliyekataa kuwa na mwana amebaki katika kumbukumbu zetu kwa jina la mwana aliyetaka kumwua.

Hapo ndipo njia yetu inapoachana na ya Quebec. Kule jina hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Kwetu hupanda: mtoto ndiye anayempa baba jina. Waswahili wote wana Baba Bahati na Mama Bahati, lakini kwa Wanyanga na Wahunde She na Nya zimeingia ndani ya jina lenyewe, zikashikamana nalo. Mzee akiisha kuitwa hivyo kwa miaka 40, vijana hawajui tena alizaliwa akiitwa nani, na siku anapokufa jina la utoto wake linakwenda naye kaburini.

Kwa mtafutaji hii ni shida, na pia ni hazina kwa anayejua kuitumia. Mzee akiitwa She fulani, na huyo fulani hayumo katika orodha ya watoto wake unaowajua, uliza polepole. Mara nyingi utaambiwa kulikuwa na mtoto wa kwanza aliyekufa mdogo, wa surua au wa njaa ya kukimbia. Hakuandikwa kanisani, hakuandikwa na leta, hana kaburi lenye alama, lakini baba yake amelibeba jina lake maisha yote. Hakuna kitabu cha Quebec kinachoweza kufanya hivyo. Ila mjihadhari: siku hizi watoto wachanga nao huitwa She hivi na She vile kwa heshima ya babu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa "baba yake" mtoto aliyezaliwa miaka 60 kabla yake. Nimewahi kuona mchoro wa ukoo uliopinduka juu chini kwa sababu hiyo.

Majirani zetu nao kila mmoja ana namna yake. Kwa Wanande wa Lubero na Butembo jina linasema mtoto ni wa ngapi: Kambale ni wa pili kwa wavulana, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Masika ni binti wa kwanza. Muhindo na Kahindo ni wale waliogeuza mfululizo, mvulana baada ya wasichana au msichana baada ya wavulana, sawa na Mwindo wetu. Mgeni anayetafuta "familia ya Kambale" Butembo atapewa mji mzima. Kwa wenzetu wanaosema Kinyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane, jina lake peke yake, na kwa desturi halikuwa la baba. Ndugu watano wana majina matano, na mara nyingi kila jina linasema jambo lililokuwapo nyumbani mwaka ule: furaha, ugomvi na jirani, shukrani kwa Mungu, msiba. Ukipanga majina ya ndugu hao kwa mfuatano unapata habari za nyumba yao kwa miaka 15, na bado hujapata jina la babu.

Halafu ikaja leta.

Wabelgiji walitaka kodi, na kodi inataka orodha. Walimwandika kila mwanamume katika usultani wake: jina, jina la baba, jina la mama, kijiji, wake. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ndiyo iliyopanga maeneo hayo ya kienyeji kwa sura ambayo bado tunaitambua. Na mapadri wakaja na vitabu vyao. Hao walikuwa hasa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, shirika lililoanza Algeria mwaka 1868. Mwaka 1901 walifungua nyumba Quebec chini ya John Forbes, mzaliwa wa huko ambaye baadaye alikuwa askofu Uganda, na tangu hapo wana wengi wa Quebec walikuja katika nchi za Maziwa Makuu. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo cha parokia zetu za kale na kile alichoandikwa Pierre Tremblay ni vya ukoo mmoja, vyote viwili ni watoto wa Trento. Mkipata ruhusa ya kukifungua kimoja, msitazame mistari ya katikati tu. Katikati mtakuta namba, jina la kizungu lililoandikwa kwa Kilatini, siku, mzazi, msimamizi, padri. Tazameni pembeni, kwenye ukingo wa ukurasa, penye wino wa rangi nyingine: hapo aliyefuata aliongeza kipaimara na ndoa, mwaka na parokia. Msichana aliyebatizwa Masisi na kuolewa mbali utamkuta ukingoni. Na tazameni jina la msimamizi, maana huyo mara nyingi alikuwa jirani au mkwe, na kwa jina lake mtajua nyumba ilikaa na nani.

Baada ya uhuru mambo yakageuka tena. Mwanzoni mwa 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na majina ya kizungu yakapigwa marufuku. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akajikuta Roma kwa miezi kadhaa. Sheria ya Julai 1973 juu ya majina ikakaza. Hapo ndipo Mkongomani alipopata postinomu, jina la pili la kienyeji mahali palipokaa la ubatizo. Lilitoka wapi? Wengine walichukua la baba, wengine la babu wa upande wa mama, wengine la shangazi, wengine la mlima au mto. Hakukuwa na utaratibu mmoja. Kisha, baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, prenomu, yale majina ya kizungu, zikarudi, na leo tuna tatu: nomu, postinomu, prenomu. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, bado inasema majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Kikongomani. Haisemi popote kwamba mtoto lazima aitwe kama baba.

Chukueni mfano wa mzee aliyezaliwa 1948. Kitabuni mwa padri ni Johannes, mwana wa fulani. Kwenye karatasi ya 1974 hana Johannes, ana majina mawili ya kienyeji, moja likiwa la babu mzaa mama. Kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo tangu 2005 ndiyo tunayoitumia kama kitambulisho, ana majina matatu, na karani aliyemwandika alisikia vibaya akageuza herufi mbili. Hapa kijijini anaitwa She wa binti yake. Hao ni watu wanne kwa karani wa Kanada, na ni mzee mmoja anayekunywa kasiksi pale nyuma ya kanisa. Kinachowaunganisha wote wanne ni jina la mama, kwa sababu halikubadilika mara nyingi kama lake. Kadi ya mpiga kura ina mstari wa jina la mama. Anzeni hapo.

Nimefika mahali penye miiba, na sitapapita kwa kuruka.

Mtu wa Quebec akikosea babu, anaharibu mchoro wa ukutani. Hapa akikosea, au akidanganya, anaweza kuchukua shamba la mwenzake au kumnyima mwenzake nchi. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walileta watu kutoka Rwanda kwa maelfu, wakawaweka hasa Masisi, juu ya ardhi iliyokuwa ya machifu wa Kihunde. Huko Gishari waliwafanyia hata usultani wao, ukafutwa mwaka 1957. Kuna wanaosema Kinyarwanda waliokuwapo Kivu kabla ya Wabelgiji, kuna waliokuja na Wabelgiji, kuna waliokuja baadaye. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia waliokuwa wameishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikarudisha nyuma, ikitaka babu awe ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya Novemba 2004 ikatazama makabila yaliyokuwapo uhuru ulipopatikana, Juni 1960. Mara tatu katika miaka 32 leta ilibadilisha babu yupi anahesabiwa. Nani atashangaa kwamba watu walijifunza kurefusha na kufupisha nasaba? Damu iliyomwagika Ntoto mwezi Machi 1993, na yote yaliyofuata, sitayasimulia, wengi mlikuwapo. Ninasema tu kwamba anayekusanya ukoo hapa anashika kitu chenye makali, na asidhani anacheza.

Kwa hiyo nina shaka na nasaba iliyonyooka. Mzee akinitajia mababu 12, mwana wa fulani mwana wa fulani, bila shangazi hata mmoja, bila ndugu aliyegombana akahama, bila mke aliyekataa kurudi, najua ninasikiliza hoja ya kesi ya ardhi. Nasaba za bami huwa hivyo, na si lazima ziwe uongo. Zilitunzwa kwa kazi ya kutawala. Nasaba ya watu wa kawaida ni fupi na ina matawi mengi, na mengi ya matawi hayo hupita kwa wanawake. Hata wa mwami: Biebuyck anaeleza kwamba kwa Wanyanga mrithi wa mwami hutoka kwa mke maalumu wa desturi, mumbo, awe mkubwa au mdogo kwa ndugu zake. Ukimwuliza mtu "nani baba yake mwami huyu" umeuliza nusu ya swali.

Ukoo wetu, basi, umewekwa wapi? Nitawaambia nilipouona ukiwa umekaa vizuri kuliko mahali pengine popote. Umekaa katika doti, yaani mahari.

Watu husahau jina la babu, lakini mbuzi hawasahauliki. Muulizeni bibi yeyote hapa: ulipoolewa, mbuzi walikuwa wangapi? Nani aliwapokea? Yule jike alikwenda kwa nani? Atawajibu bila kusita. Mbuzi huyu alichukuliwa na kaka yake, akaolea mke naye. Yule alipewa mjomba kwa sababu doti ya mama yake bibi haikumalizika. Yule wa tatu hajalipwa mpaka leo, na ndiyo sababu hawa wa bonde la kule hawaji kwenye matanga ya wale. Fuateni mbuzi mmoja kutoka nyumba hadi nyumba, mtakuwa mmepita vizazi vitatu na koo nne, kwa majina, na wanawake wakiwamo. Kila deni lina mashahidi wa pande mbili wanaovutana, kwa hiyo ni vigumu kwa upande mmoja kuongopa. Quebec nako, watafutaji wazuri hawakomei kwenye vitabu vya kanisa. Hutafuta mikataba ya ndoa kwa notari, palipoandikwa ng'ombe, vitanda na nani aliahidi nini. Sheria yetu ya 1987 inaitambua doti kama sehemu ya ndoa. Ninachowaomba ni kuiona kama kumbukumbu ya maandishi ambayo haijaandikwa.

Baada ya doti, watafuteni mashangazi. Mwindo alijua: baba alipomkataa alikwenda kwa Iyangura. Shangazi ameolewa nje, kwa hiyo hana haja ya shamba la kaka zake, na anawajua wote waliozaliwa nyumbani, wakiwamo wale ambao kaka zake wangependa wasitajwe. Baada ya mashangazi, migomba ya zamani. Mtu akihama huacha migomba, na shamba la ndizi hubaki na jina la aliyeipanda hata kama anayekata mikungu leo ni mwingine. Wavulana wenye simu watembee na wazee mlimani wakarekodi majina hayo palepale, mahali kwa mahali, kabla ya kukimbia kwingine.

Kwa maana vitabu vyetu vimeungua. Parokia zimeporwa, ofisi za leta zimechomwa, kadi zimelowa mvua njiani. Watoto wengi waliozaliwa wakati wa kukimbia hawakuandikishwa ndani ya siku 90 ambazo sheria inataka. Taifa lenyewe halijahesabu watu wake tangu 1984. Sasa kumbukeni wale Wajesuiti wa 1640: hawakungoja vitabu vipatikane. Walikaa na watu wakauliza, nao watu walikuwa bado hai. Wazee wetu wa miaka ya 1940 bado wapo wachache, wengine wamo ndani ya chumba hiki.

Namna yenyewe ni nyepesi. Daftari la kurasa 96 linatosha nyumba moja. Kila mtu aandikwe kwa majina yake yote, la utotoni, la She au Nya, la ubatizo, lile la 1972, la kadi, pamoja na jina la mama yake. Na kando, jina la aliyesimulia na siku aliyosimulia. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili na msiamue. Kijana aliyekaa Goma miaka miwili asijipe uhakimu wa jambo la miaka 80. Kisha nakala mbili, kama alivyoagiza mfalme wa Ufaransa: moja ibaki na familia, nyingine ikae mbali, kwa ndugu aliyeko mjini, na picha za kurasa ziende kwa yule aliyeko Sherbrooke. Huyo naye ajaze upande wake, aeleze siku ile mezani kwa karani ilikuwaje mpaka wote wakawa Bauma, ili wajukuu wake wasije kututafuta kwa jina ambalo hapa hatulijui.

Limebaki swali moja, ambalo mama mmoja alinipa kwa siri kabla hatujaanza. Ameniruhusu nilijibu mbele yenu bila kumtaja. Ana mjukuu, binti yake alimpata vitani, na baba hajulikani, au anajulikana kwa namna ambayo hakuna anayetaka kuitamka. Daftarini aandikwe wapi?

Vitabu vya Quebec vina watoto kama hao, na padri aliandika kwamba baba hajulikani, akaendelea na mstari unaofuata. Sheria yetu ya Familia inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na kama hakuthibitika, mahakama humteulia baba wa kisheria, kwanza kutoka familia ya mama. Na kabla ya sheria hiyo Wanyanga walikuwa na mabinti waliowekwa wakfu kwa roho kama Kahombo, wasiolipiwa doti na mtu, na watoto wao walikuwa wa nyumba ya baba yake binti, kwa haki zote, shamba na kiti. Kwa hiyo, mama, mwandike chini ya mume wako, katika mstari uleule wa watoto wa wana wako, kwa mfuatano wa kuzaliwa. Jina lake, jina la mama yake, siku na mahali. Upande wa baba, mchoreeni baba wa kisheria mtakayemchagua nyumbani, mjomba wake mmojawapo, naye aje na daftari aweke sahihi mwenyewe.